Mhasibu wa dola 20 kwa mwezi

 

Leo nina swali moja tu, nami nimelala nalo siku tatu. Limeletwa na mama mmoja mwenye butiki. Jina lake nalihifadhi. Anauza sabuni, chumvi, sukari, betri za tochi, mafuta ya mawese kwa chupa, biskuti za watoto, na madaftari wakati shule zinapofunguliwa. Amefikiwa na kijana mmoja nadhifu, kompyuta mgongoni, akamwambia: mama, biashara yako haina hesabu, siku watu wa Leta (serikali) watakapokuja watafunga huu mlango, nipe dola 20 kila mwezi, mimi nitakushikia vitabu. Mama anauliza: baba, hiyo bei ni ya haki?

Nitamjibu polepole, maana jibu la haraka lingemwonea mmoja kati ya hao wawili. Wazee wetu wa Kiswahili walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nami naamini neno hilo kuliko ninavyoamini matangazo mengi ya biashara. Daftari ni la lazima. Lakini wazee hawakusema kwamba daftari lazima lishikwe na mtu wa kulipwa kwa dola.

Tuanze na duka lenyewe. Mama ameniambia siku nzuri anauza franga 40,000, siku mbaya hazifiki 10,000. Tuseme wastani wake ni 25,000. Tuhesabu siku 300 kwa mwaka, kwa kuwa kuna Jumapili, kuna msiba wa jirani, na kuna zile siku ambazo risasi zinalia na kila mtu anafunga mlango akikimbilia porini na watoto. Tunapata franga milioni 7 na nusu kwa mwaka. Hayo ni mauzo. Faida ni kitu kingine. Akitoa bei aliyonunulia na gharama ya kufikisha vitu, akibaki na franga 15 katika kila franga 100, amejitahidi sana. Hiyo ni 1,125,000 kwa mwaka mzima, na humo ndani bado kuna kodi ya nyumba, mlinzi, na ada ya watoto.

Sasa dola 20 kwa mwezi ni dola 240 kwa mwaka. Tukitumia kipimo cha mwaka 2024, dola moja ilipokuwa karibu franga 2,800, tunapata franga 672,000. Mama yangu, sikiliza vizuri hesabu hii. Katika kila franga 10 za faida yako, karibu 6 zitakwenda kwa mtu wa kuandika kwamba umepata franga 10.

Hata kama kijana huyo ni mwaminifu kama malaika, hata kama anaandika vizuri kuliko wote, duka hili haliwezi kumbeba.

Na je, Leta yenyewe inataka nini kwa huyu mama? Maana ndiyo fimbo aliyotishwa nayo. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013, iliyopanga kodi ya biashara ndogo katika nchi yetu ya Congo, iligawa watu kwa mauzo yao ya mwaka. Ambaye mauzo yake hayapiti franga milioni 10 aliwekwa katika fungu la biashara ndogo kabisa, na kodi yake ya mapato ikawa kiasi kimoja kisichobadilika: franga 50,000 kwa mwaka. Aliye juu ya hapo, mpaka milioni 80, alipangiwa kutoa franga 1 katika kila 100 za mauzo kama anauza vitu, na franga 2 kama anafanya kazi ya huduma, kama vile kushona, kutengeneza pikipiki au kunyoa. Kwa kipimo hicho mama huyu ni mtu wa franga 50,000. Anaombwa alipe 672,000 ili aweze kulipa 50,000. Mlinzi anakula zaidi ya mara 13 ya anacholinda.

Kuna jambo jingine katika sheria hiyo ambalo wengi hawaelezwi. Kodi hiyo ilipangwa kwa kutazama mauzo, si faida. Ukiwa katika fungu la franga 1 kwa 100, ukiuza milioni 12 utatoa 120,000, iwe umetumia pesa nyingi njiani, iwe umetumia kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia, nitakukusanyia faktura za matumizi ili kodi yako ipungue, na kwa kazi hiyo unilipe vizuri, anakuuzia kitu ambacho sheria haikukupa. Faktura zina faida nyingine. Lakini kwa kodi ya namna hiyo hazishushi hata franga moja. Mwombe akuonyeshe mahali palipoandikwa kiwango chako kwa mwaka huu, kwenye karatasi, si mdomoni. Mhasibu wa kweli hakasiriki kwa ombi kama hilo. Atafurahi.

Tuendelee na vitabu. Congo yetu iliingia rasmi katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, ule muungano wa nchi za Afrika ambazo zinatumia sheria moja ya biashara. Sheria hiyo inamjua mtu mdogo. Inamwita kwa Kifaransa entreprenant, yaani mtu binafsi anayefanya biashara ndogo na kuitangaza kwa tamko tu, tena tamko ambalo sheria inasema halilipiwi. Na kitabu anachotakiwa kushika ni kimoja cha kila siku: pesa iliyoingia, imetoka wapi, ni kiasi gani, ni pesa mkononi au kwa njia nyingine, na pesa iliyotoka, imekwenda wapi, ni kiasi gani. Kitabu hicho akitunze miaka 5. Anayenunua na kuuza aandike pia manunuzi yake ya mwaka. Basi. Hata sheria ya hesabu iliyotengenezwa upya Brazzaville tarehe 26 Januari 2017, na kuanza kutumika mwaka 2018, iliwawekea wadogo njia yao fupi, ya kuingia na kutoka kwa pesa tu. Waliotunga hawakuwa na nia ya kumfanya muuza chumvi wa kijijini Kibua aandike kama kampuni ya madini ya Bisie.

Kwa hiyo tufungue kaye. Ni kaye ya shule, ile ya mistari ambayo mama mwenyewe anaiuza dukani. Piga mistari kwa rula, upate vyumba vitano. Cha kwanza tarehe. Cha pili neno fupi: sabuni, chumvi, pesa ya moto (pikipiki), deni la mwalimu. Cha tatu iliyoingia. Cha nne iliyotoka. Cha tano iliyobaki. Jioni, mlango ukishafungwa, kabla ya kula, unamulika kwa tochi, unamwaga pesa juu ya kitambaa, unahesabu. Ulichohesabu lazima kilingane na kile chumba cha tano. Kisipolingana, usilale ukiwa umesahau. Andika pengo lenyewe, hata kama ni franga 500. Baada ya mwezi utaona pengo hilo linarudi siku zilezile, pengine siku unapokwenda shamba na kumwachia mtoto duka. Kompyuta isingekuonyesha hilo, kwa sababu mtu wa kompyuta anakuja mwisho wa mwezi, wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Nyuma ya kaye hiyohiyo, ukurasa wa mwisho ukirudi mbele, ndipo madeni yanapokaa. Nani, kiasi gani, tarehe gani, amerudisha nini. Nimeona madeni yameandikwa kwa mkaa ukutani. Jamani, ukuta huwezi kuubeba siku ya kukimbia. Na sisi hapa tunajua kukimbia ni nini. Kaye inaingia ndani ya kitenge pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto. Mwenye simu yenye kamera apige picha ya kila ukurasa uliojaa.

Wapo watakaosema, baba, mimi sikusoma. Kwenu nitasema: tazameni mama zetu wa AVEC. Vyama hivyo vya kuweka na kukopesha vilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, kati ya wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma, vikaenea Afrika nzima mpaka kwetu. Sanduku lina vifuli vitatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila hisa ni muhuri mmoja ndani ya kijitabu cha mwanachama. Kiasi kinachobaki kinatajwa kwa sauti, kila mmoja anakishika kichwani, na mkutano unaofuata wanaanza kwa kukumbushana. Hiyo ni hesabu, tena ni hesabu yenye ukaguzi ndani yake. Mama ambaye hawezi kudanganywa hata franga 1,000 ndani ya AVEC, kwa nini aambiwe hawezi kujua hali ya duka lake mwenyewe?

Na kama kuandika ni kugumu kweli, vijana wetu waliopata diploma ya serikali katika sehemu ya komersiale wapo, wamekaa nyumbani. Kwa miaka kadhaa walifundishwa hesabu za biashara. Jioni mbili kwa mwezi, kwa bei ya kijijini, kwa franga, anakusaidia kujumlisha kurasa na kukuonyesha ulipokosea. Yeye anapata kazi yake ya kwanza, nawe hulipii mtu nauli ya moto kutoka Masisi au Goma.

Nauli hiyo tuizungumze, kwa sababu ndipo bei nyingi za wahasibu zinapovimba. Mtu anayetoka mbali analipa moto, analipa mahali pa kulala, anapoteza siku kwa matope, na kila barieri, yaani kizuizi cha barabarani, inamtaka kitu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji pamoja na wenzao wa Denmark walihesabu barieri 798 katika Kivu zetu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Hizo gharama si kosa lake, na si haki kumtaka azimeze. Lakini si haki pia zifichwe ndani ya neno moja, kazi ya uhasibu. Mwambie atenganishe: kazi yangu ni kiasi hiki, safari yangu ni kiasi hiki. Ukiona safari imekuwa kubwa kuliko kazi, utajua kwamba unachonunua hasa ni barabara.

Na barieri hizo zinamgusa mama huyu upande mwingine pia. Kila mzigo wake wa sabuni unalipa njiani, na pale hakuna faktura. Pengine anapewa kijikaratasi cha jetoni, pengine hapewi kitu. Nimewajua wahasibu wanaosema, kisicho na karatasi sikiandiki. Shuleni walifundishwa hivyo, nami naelewa sababu yake. Lakini ukiondoa pesa ya njia, kitabu kinaonyesha faida ambayo haipo. Mwenye duka anaona faida, anaila, anamnunulia mtoto viatu, na kumbe amekula kapitali. Mwezi wa tatu hawezi tena kujaza rafu. Pesa iliyotoka imetoka. Iandike. Andika neno njia, andika kiasi, andika tarehe. Kama huna karatasi, bado una ukweli, na ukweli huo ndio utakaokuambia chumvi uiuze kwa bei gani. Mhasibu anayekataa kuandika pesa ya njia katika eneo hili simlipi hata franga 1,000, kwa kuwa anachonipa ni picha ya duka la mahali pengine.

Sasa nigeuke upande wa mhasibu, maana yeye pia ni mtoto wa watu na wengi wenu mnamdhulumu.

Mimi pia nimeshika vitabu vya watu, na nimewahi kuletewa kiroba. Mwaka mzima wa biashara ndani ya kiroba cha unga. Karatasi zilizoloa zikashikana, nyingine zilikwisha kufungiwa karanga, faktura ya depo ambayo mwandiko wake umefutika ikabaki rangi tu. Mwenyewe akaniambia, panga haya, kesho nataka jibu. Nilikaa siku tatu. Ya kwanza yote ilikwisha kwa kuzianika karatasi juu ya mkeka na kuziweka mawe madogo zisipeperuke. Mwishoni alitaka kunipa pesa ya soda. Kazi ya siku tatu ya kuunganisha mwaka uliotupwa ni kazi ya siku tatu, kama ya fundi anayeezeka bati. Aliyetupa karatasi mwaka mzima ndiye aliyepandisha bei. Kama angeleta kaye iliyojazwa kila jioni, ningemaliza kabla ya saa sita mchana, na angelipa nusu siku.

Hapa ndipo ninaposimama mimi. Bei ya mhasibu wa biashara ndogo ipimwe kwa siku alizofanya kazi na wingi wa karatasi alizoshika. Isipimwe kwa mwezi unaopita bure, wala kwa sehemu ya mauzo yako, wala kwa woga wako. Anayekudai franga 5 katika kila 100 za mauzo analipwa zaidi kwa sababu wewe umeuza zaidi, ingawa mistari anayoandika ni ileile. Na anayekwambia, ndani ya dola zangu kuna kuongea na watu wa Leta wasikusumbue, huyo bei yake ina vitu viwili vilivyochanganywa, na kimoja chake si uhasibu. Pesa hiyo haina risiti. Mwaka ujao itadaiwa tena, na itakuwa imeongezeka. Heri ulipe kodi yako halali, ushike risiti yako, uibandike ndani ya kaye kwa gundi.

Halafu kuna hii dola yenyewe. Mama anauza kwa franga. Wateja wake wanaleta noti za 500 zilizochakaa. Lakini mhasibu anataka dola, tena dola isiyo na mpasuko hata mdogo, maana sote tunajua noti iliyochanika kidogo inakataliwa. Mwaka 2013 sheria ile ya kodi ilipotoka, dola 20 zilikuwa kama franga 18,000. Mwaka 2024 zilikuwa 56,000. Sabuni ya mama imepanda, kweli, lakini mfuko wa mteja wake haukupanda hivyo. Na mabenki ya Goma yalipofunga milango mwisho wa Januari 2025, hata kuipata hiyo dola mkononi kukawa na bei yake. Mkataba wa duka la kijijini uandikwe kwa pesa inayoingia dukani.

Kushuka huko kwa franga kumefanya jambo jingine la kimyakimya. Milioni 10 za mwaka 2013 zilikuwa karibu dola 10,900. Kwa kipimo cha mwaka 2024 ni kama dola 3,570. Yaani duka linalouza dola 10 kwa siku linaukaribia mpaka wa kutoka fungu la chini kabisa, bila mwenyewe kuwa tajiri kwa lolote. Ndiyo maana namsihi mama aandike mauzo yake ya kila siku. Bila kaye, mtu wa Leta atakadiria mwenyewe, na sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2003 inampa nguvu ya kukadiria pale ambapo hakuna tamko. Ukiwa na kaye, mnabishana juu ya namba zilizoandikwa. Usipokuwa nayo, mnabishana juu ya sura ya duka lako, kama limepakwa rangi au la.

Majirani zetu wa Tanzania waliliweka hili wazi ndani ya sheria yenyewe. Kwa viwango vilivyopitishwa huko mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 ambaye hana kumbukumbu alipangiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenzake wa mauzo hayohayo mwenye kumbukumbu alipangiwa shilingi 3 katika kila 100 za kile kilichozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 kule na una daftari, unalipa 30,000. Huna, unalipa 100,000. Daftari limepewa bei: shilingi 70,000. Mfanyabiashara wa kule anajua mhasibu wa daftari asizidi kiasi gani. Laiti na sisi tungewekewa kipimo cha wazi kama hicho.

Nisiwadanganye kwamba hakuna anayestahili kulipa dola 20. Wapo. Mwenye depo ya vinywaji au ya dawa anayeuza franga milioni 60 kwa mwaka, mwenye wafanyakazi wawili watatu, anayechukua mzigo kwa deni na kukopesha wengine kumi, huyo kodi yake kwa kipimo kile cha sheria yetu ya 2013 ni franga 600,000. Katoni chache zikipotea kila mwezi bila kuonekana, amepoteza zaidi ya mshahara wa mhasibu. Huyo mtu wa kumhesabia stoo kila wiki ni bei nafuu. Na ushirika, wa mafuta ya mawese au wa kahawa, hata uwe mdogo, haufai kukaa bila mtu wa hesabu kutoka nje ya familia ya mwenyekiti. Pale unanunua amani. Nimeona watu waliolima pamoja miaka mingi wakagawanyika kwa magunia sita ambayo hakuna aliyeyaandika. Na ukifikia ukubwa wa kuhitaji mtaalamu wa juu wa kuthibitisha hesabu, jua kwamba tangu sheria ya tarehe 12 Februari 2015 nchi ina chama cha kitaifa cha wataalamu hao, ONEC. Mtu akijiita expert-comptable, mwulize kama yumo ndani yake.

Nina neno moja langu mwenyewe, nalo ndilo lililoniamsha usiku hizi siku tatu.

Zamani nilishika vitabu vya duka moja la vitenge na viatu. Mwenyewe alikuwa baba mpole. Alinilipa kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa, hata miezi aliyouza vibaya. Nilikuwa na vitabu vitatu vya jalada gumu. Niliandika kwa biki ya bluu na nyekundu, nikapiga mistari kwa rula, hakuna namba iliyofutwa. Mwezi wa saba niliona, ndani ya hesabu yangu mwenyewe, kwamba mshahara wangu umepita kilichobaki dukani. Niliona, nikageuza ukurasa. Nilijiambia kazi yangu ni kuandika, mambo ya duka ni ya mwenye duka. Mwezi wa nane nikachukua, wa tisa nikachukua. Kabla ya Noeli duka likafungwa. Nilimpelekea vitabu vyake vitatu, akavifungua, akapitisha kidole juu ya mistari, akasema aksanti sana, umenifanyia kazi safi. Ile aksanti sijawahi kuitua chini. Vitabu vilikuwa sahihi na mimi nilikuwa ndani yake, katika chumba cha iliyotoka, kila tarehe 30.

Kwa hiyo mama yangu mwenye butiki, kijana yule akirudi, mkaribishe, usimfukuze. Mwonyeshe kaye yako, hata kama ina wiki mbili tu. Mwambie mwezi kwa mwezi huwezi. Mwombe siku mbili kwa mwaka: moja sasa, akufundishe kupanga vyumba na kukuonyesha kiwango chako cha kodi kilichoandikwa, na nyingine mwezi wa kwanza, ajumlishe mwaka na kukuandikia tamko. Bei mpatane kwa siku hizo mbili, kwa franga, safari iandikwe mbali na kazi. Vitabu vibaki kwako, asiondoke navyo hata kwa usiku mmoja, maana barabara ikikatika hutavipata tena. Kisha mwulize swali moja: ukiona kwenye hesabu zangu kwamba siwezi kukulipa, utaniambia?

Mtazame anavyojibu. Akisema ndiyo bila kutafuta maneno, mpe hizo siku mbili, na mchana mpikie ugali na sombe, ale ashibe kabla hajapanda moto.